Kitanda cha Zamu

Daktari alitamka neno "ruhusa" huku ameshaanza kumgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili, na Swaumu, aliyekuwa ameshika faili la mama yake, akalibana faili hilo kifuani. Wagonjwa wote hulingoja neno hilo kwa hamu. Yeye alikuwa analiogopa tangu siku mama yake alipolazwa.

"Kidonda kinakwenda vizuri," daktari alisema. "Sasa kinataka kusafishwa kila siku, asikose hata siku moja, na huo mguu ukae juu, usining'inie wala usikanyage chini. Sukari haina mzaha, mama. Ukizembea tutakuja kuukata. Kitanda tunakihitaji, wenzio wamelala chini pale mlangoni. Bahati yako una mtoto anayefanya kazi hapa hapa."

Mzee Mwishehe, baba yake Swaumu, alikuwa amesimama upande wa miguuni, kofia imemkaa sawasawa kichwani na kiroba cha mihogo kimeegemea goti lake. Alikuwa ametoka Msimbu alfajiri kuja kumwona mkewe.

"Hilo lisikusumbue, daktari," alisema kwa sauti ya mtu anayetaka wodi nzima isikie. "Binti yangu ana nyumba. Nyumba ya serikali, humu humu ndani ya uzio. Mama yake atalala hapo, atakuwa anavuka tu kuja kufungwa kidonda."

Daktari alimtupia Swaumu jicho la kushangaa, maana yeye mwenyewe, daktari mzima, hakuwa amepewa nyumba humo, alikuwa anatokea mbali, Mlandizi, kila asubuhi. Alisaini, akapita. Salama, muuguzi mwenzake Swaumu, aliyekuwa akisukuma kigari cha dawa, aliinamisha uso akajifanya anatafuta pamba.

Tuseme haki: Swaumu hakuwahi kutamka kwa kinywa chake kwamba ana nyumba. Kule Msimbu, nyuma ya zahanati, kuna nyumba ya bati ambayo kila muuguzi anayeletwa huishi humo, na watu huiita kwa nesi, awe nesi huyu au yule. Kwa watu wa kwao, muuguzi na nyumba ni pete na kidole. Siku alipopangiwa kazi Kibaha, shangazi yake aliuliza mbele ya watu kama amepewa nyumba, na mama yake akamjibia haraka, "Sasa nesi atalala wapi?" Watu wakacheka, wakampa hongera. Swaumu alinyamaza, akaona aibu kuwatoa furaha ile kinywani. Tangu hapo nyumba yake ikajengwa barazani msikitini, chumba kwa chumba, na fundi mkuu akiwa baba yake.

Salama alimvuta mkono akamwingiza kwenye chumba cha kuhifadhia shuka.

"Umewaambia?"

"Bado."

"Utawaambia?"

"Nitaanzia wapi, Salama? Baba ameshamwambia daktari, mhudumu, mpaka mlinzi wa getini. Mlinzi kamuuliza nyumba ipi."

Salama aliuma mdomo. Metroni wao, mkuu wa wauguzi, Sista Hamisa, alikuwa amekwenda Umra, na alikuwa amemwachia yeye ufunguo wa nyumba yake ya humo hospitalini awalishe kuku na kumwagilia mchicha.

"Ufunguo wa metroni ninao," alisema kwa sauti ya chini. "Mzee aingie, anywe chai, aswali adhuhuri, aondoke moyo umetulia. Baada ya hapo tutajua."

"Na mama?"

"Nimekwambia tutajua."

Swaumu alijua kwamba jambo hilo si jema. Alijua pia kwamba hana lingine. Alitoka mle chumbani na ufunguo mfukoni, akamwendea baba yake akiwa na uso wa kazini, ule wa kuwaambia watu kwamba sindano haiumi.

Mzee Mwishehe aliikagua nyumba ya metroni kama mtu anayetaka kuinunua. Aligonga kuta kwa vifundo vya vidole. Aliingia kila chumba na kutoka. Alipofungua mlango wa choo na kukuta kiko ndani, na maji yanatoka, alirudi sebuleni akakaa chini kwanza.

"Mwanangu," alisema, "Mungu akuzidishie. Mimi nilikuwa nawaambia watu vyumba viwili. Kumbe vitatu!"

Alikuwa amekuja na jogoo, amemfunga miguu kwa kamba ya katani. Alimfungua uani akamwacha aende. Jogoo akajiunga na kuku wa metroni bila kuulizwa, akawa mpangaji pekee siku ile aliyepokelewa Kibaha bila masharti.

Mama yake, Bi Mwamini, alikaa kwenye kochi, mguu wake uliofungwa bandeji umelazwa juu ya stuli. Hakusifu kitu. Alikuwa anamtazama binti yake. Alimwona akifungua kabati la kwanza, la pili, la tatu, akitafuta sukari ya baba yake. Alimwona akibonyeza swichi ili awashe taa ya jikoni na feni ya sebuleni ikaanza kuzunguka. Akamwona anacheka peke yake, akabonyeza nyingine.

"Kodi wanakukata kiasi gani?" baba yake aliuliza.

"Ah, baba. Kidogo tu."

"Serikali ina huruma." Alikunywa chai yake, akaswali kwenye mkeka wa metroni, kisha akasimama akitafuta fimbo yake. "Niwahi gari. Nguruwe wakijua sipo hawaachi shina la muhogo. Haya, mama Swaumu, ule raha kwa binti yako. Usinitie aibu kwa kudeka."

Swaumu alimsindikiza hadi getini. Aliporudi alimkuta mama yake amekwishakusanya vitu vyake: kanga mbili, sahani ya plastiki, dawa zake kwenye mfuko. Vyote vilikuwa mapajani.

"Nyumba ya nani hii?" Bi Mwamini aliuliza.

Swaumu alianza kukusanya vikombe vya chai.

"Mtu hapapasi ukuta nyumbani kwake," mama yake alisema. Hakuwa na ukali. "Ya nani?"

"Ya metroni, mama. Amekwenda Makka."

"Anajua kama tumo humu?"

"Hajui."

"Subhanallah. Mwenzio yuko mbele ya Kaaba, sisi tumekalia kochi lake." Alishusha mguu kutoka kwenye stuli, uso ukamkunjika kwa maumivu. "Nipeleke kwako, kabla usaha wangu haujamchafulia mtu nyumba yake."

Swaumu alipiga magoti, akamvalisha mama yake kandambili kwenye mguu mzima, na machozi yakamdondoka.

"Usilie," Bi Mwamini alisema. "Ni mimi niliyekujibia siku ile. Tuondoke."

Kwa Swaumu kulikuwa mtaa wa Picha ya Ndege, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, katika nyumba ya Bi Hajra yenye vyumba sita, korido moja na choo kimoja. Chumba chake kilikuwa cha tatu kushoto. Humo walikuwa wanaishi wauguzi watatu: yeye, Salama, na Shamsia, aliyekuwa akifanya kazi wodi ya wazazi. Kila mmoja wao alikuwa ametafuta chumba cha peke yake karibu na hospitali, na kila mmoja alikuwa ameshindwa, maana wenye nyumba wa Kibaha wanataka kodi ya miezi sita mkononi, wengine ya mwaka, na mshahara wa muuguzi huja kwa mwezi na kuondoka kwa wiki.

Kitanda kilikuwa kimoja. Kilikuwa na ratiba yake, nayo ilifuata ratiba ya hospitali. Aliyetoka zamu ya usiku alikimiliki mchana. Waliobaki walikilalia usiku, na ikitokea wote watatu wana usiku mmoja nyumbani, mmoja alivuta godoro la sponji kutoka uvunguni na kulitandika kati ya jiko la gesi na ndoo za maji. Mchana godoro hilo lilikuwa halitandikiki, kwa sababu mlango ulikuwa hauwezi kufunguka wala mtu kupita. Wenyewe walikuwa wameshazoea. Walikuwa wakitaniana kwamba kitanda chao ndicho mtumishi pekee ambaye hajawahi kwenda likizo.

Usiku ule Shamsia alikuwa kazini. Bi Mwamini akapewa kitanda, na mabinti wawili wakalala chini.

Asubuhi Shamsia alirudi, macho mekundu. Alikuwa amezalisha wanawake watano na mmoja wao nusura amfie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

Shamsia alitua mkoba. Macho yalimtoroka yakaenda kitandani. Bi Mwamini aliyaona.

"Njoo ulale. Mimi nimeshalala."

"Hapana, mama, wewe mgonjwa. Mimi hata hapa kitini nitajibana tu."

Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaegemeza kichwa ukutani, na kabla Bi Mwamini hajapata la kujibu alikuwa amekwisha lala, mdomo wazi, viatu vya kazi mguuni. Bi Mwamini alimtazama kwa muda mrefu. Akamwona mtoto wa watu, mwenye mama yake mahali fulani, amelala kama mzigo uliotupwa.

Kesho yake, kabla Shamsia hajarudi, Bi Mwamini alikuwa ameshatandika kitanda na kutoka. Alijikokota hadi koridoni, akakaa kwenye kigoda kando ya mlango, mguu umeshuka sakafuni. Huko ndiko alikokaa mchana kutwa, akiondoka tu bodaboda ilipokuja kumpeleka kufungwa kidonda na kumrudisha. Wapangaji walipita wakimruka. Kila mmoja alisema samahani, mama. Jioni Swaumu aliporudi kazini na kuifungua bandeji alikuta mguu umevimba hadi kwenye kifundo.

"Mama, daktari alisema mguu ukae juu."

"Juu ya nini, mwanangu?"

Swaumu alizungusha macho mle chumbani. Ndoo zilikuwa na maji. Mkoba wa nguo ulikuwa kichwani kwa kitanda, na kitandani Shamsia alikuwa anajigeuza akijitayarisha kurudi zamu. Muuguzi aliyekuwa akiwainua watu wazima kwa mito mitatu kila siku alikosa pa kuuweka mguu wa mama yake.

Bi Hajra hakuwa mtu mbaya, na yeye mwenyewe alipenda kulisema hilo. Alikuwa mjane, alikula kutokana na vyumba vile, na kila baada ya siku mbili alikuja mlangoni kwa wauguzi akiwa amekunja mkono wa gauni ili apimwe presha. Hakuwahi kulipia, na hakuna aliyewahi kumdai.

Jumanne jioni alileta kigoda chake, akakaa mkabala na Bi Mwamini, wakaamkiana na kuulizana habari za huko na huku. Swaumu akamfunga kile kitambaa cha kipimo mkononi, akaanza kukipuliza.

"Swaumu, mwanangu," Bi Hajra alianza, "mimi nilipangisha mtu mmoja. Mkawa wawili. Nikanyamaza, nikasema ni watoto wa kike, wanasaidiana. Mkawa watatu."

"Bi Hajra, usiongee nikipima. Itapanda."

"Wacha ipande. Ninayo ya kusema." Lakini alinyamaza hadi hewa ikaisha kwenye kipimo, kisha akaendelea pale pale alipoachia. "Choo ni kimoja. Shimo likijaa, gari la kunyonya analileta nani? Wapangaji wenzenu wananijia. Wanasema harufu ya kidonda iko koridoni, na wana watoto wadogo wanatambaa. Niwajibu nini?"

"Mama yangu anasafishwa kila siku. Hana ugonjwa wa kuambukiza."

"Wewe unajua, kwa sababu umesoma. Wao wanajua pua zao."

Bi Mwamini alikuwa ametazama pembeni, kana kwamba wanamzungumzia mtu asiyekuwepo.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," Bi Hajra alisema, halafu akaona aibu ya alichosema, akamgusa Bi Mwamini gotini. "Si kwa ubaya, dada yangu. Na mimi naumwa. Lakini wapangaji wakiniachia nyumba, nitakula nini? Ijumaa, Swaumu. Mpaka Ijumaa." Alinyoosha mkono. "Imesomaje?"

"Iko juu," Swaumu alisema. "Punguza chumvi."

Alikifungua kile kitambaa. Alitamani kumpasukia, na akajua hawezi, kwa sababu angepoteza hata hicho kitanda cha zamu. Akamkunjulia Bi Hajra mkono wa gauni, kama alivyokuwa akifanya siku zote.

Jumatano alitoka kazini akaenda moja kwa moja kwa dalali mmoja anayeitwa Maneno, kijana mchangamfu aliyekuwa na meza chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Maneno alidai chake kwanza, cha kuonyesha. Chumba cha kwanza kilikuwa kimechukuliwa asubuhi ile. Cha pili hakikuwa na dirisha. Cha tatu kilikuwa karibu na hospitali kiasi kwamba mtu angesikia kengele ya kubadilisha zamu, kina saruji safi na nafasi ya vitanda viwili. Swaumu alisimama katikati ya chumba kile akampangia mama yake kila kitu: kitanda hapa, mto wa mguu hapa, ndoo kule.

Mwenye nyumba alikuwa mzee mpole, mwalimu mstaafu.

"Unafanya kazi gani, binti?"

"Muuguzi, mzee wangu."

"Hongera. Kazi ya thawabu." Alikuna ndevu. "Lakini nyie mnarudi usiku. Geti langu nafunga saa tatu. Nani atakuwa anaamka kukufungulia?"

"Nitakuwa na ufunguo wangu."

"Ufunguo mmoja ukizagaa, wezi wanaingia kwa wote. Na kodi yangu ni mwaka mzima. Nikiwa na moyo laini, miezi sita."

"Ningeweza kulipa miwili, mzee. Mama yangu anaumwa."

"Allah ampe shifaa," mwalimu alisema, na akamaanisha. Kisha akafunga mlango wa chumba na kurudisha ufunguo mfukoni.

Njiani Maneno alimfariji. "Usikate tamaa, sista. Kuna vyumba vya bei rahisi kule ndani ndani, unapanda boda tu nusu saa." Swaumu alimwambia kwamba anayetafutiwa chumba hawezi kupanda boda nusu saa kila siku na mguu ulionyooshwa. Maneno akasema basi hapo ni mtihani.

Alipofika nyumbani mama yake alimsoma usoni hata kabla hajavua viatu.

"Umekosa."

"Sijakosa, mama. Kesho kuna kingine."

"Kaa chini ule," Bi Mwamini alisema. "Nimekupikia mchicha."

Kesho yake Alhamisi, Swaumu akiwa katikati ya zamu ya asubuhi, simu ilimtetemekea mfukoni. Aliingia chumba cha sindano, akafunga mlango, akaitazama. Ilikuwa namba ya mama yake.

"Niko Kisarawe, narudi nyumbani Msimbu," Bi Mwamini alisema. Nyuma yake makondakta walikuwa wanapiga kelele. "Nimechukua gari lile la asubuhi. Usinune."

"Mama! Kidonda leo kimefungwa na nani?"

"Zahanati ipo. Nesi wa pale ananijua."

"Yule hana dawa zenyewe, mama. Hata bandeji anaazima."

"Atanifunga kwa kanga, Mungu yupo. Sikiliza, Swaumu. Yule mtoto Shamsia anazalisha watu huku amelala. Siku atakapomdondosha mtoto wa mtu kwa ajili ya kitanda changu, nitajibu nini kwa Mola? Acheni mlale. Baba yako nitajua la kumwambia."

Swaumu alisimama amegusa ukuta. Angeweza kumwambia mama yake ashuke, arudi, watapanga foleni ya usingizi watu wanne. Angeweza kwenda kwa daktari, akavua heshima yake yote na kuomba hata godoro la chini pale mlangoni. Alifikiri hayo yote. Kisha mtu akamwita kutoka kitanda cha sita, dripu imekwisha, naye akasema, "Haya mama, nitapiga jioni."

Jioni alipiga, na mama yake akasema alhamdulillahi. Usiku ule Swaumu alilala kitandani, akajinyoosha, akapata usingizi mzito ambao hakuwa ameupata wiki nzima. Hilo ndilo alilokuja kulijutia kuliko yote.

Aliendelea kupiga. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: kinakauka, kinawasha kidogo, nesi kasema vizuri. Sauti ya mama yake ilikuwa inapungua nguvu, na Swaumu, ambaye kazini angesikia sauti kama hiyo ya mgonjwa na kukimbilia kipima joto, alijiambia kwamba ni mtandao. Siku yake ya mapumziko ilipofika, mwenzao mmoja aliugua na wakamwita kazini. Hakukataa. Mtu anayeogopa atakachokiona hapendi sana mapumziko.

Wiki ya pili Mzee Mwishehe alimrudisha mkewe hospitali kwa gari la kukodi, amemlaza kiti cha nyuma. Walipompitisha mlangoni mwa wodi, harufu iliwatangulia, na wagonjwa wawili wakajifunika shuka puani. Swaumu aliikata bandeji kwa mkasi. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Vidole vitatu vilikuwa vyeusi, na weusi ulikuwa umekwisha panda juu ya unyayo.

Daktari alikuwa yule yule. Alitazama, akauliza homa, akauliza sukari, akavua glavu.

"Chini ya goti," alisema. "Leo. Tukingoja kesho itakuwa juu ya goti, na keshokutwa sijui." Akamgeukia Bi Mwamini, uso umemkunjika. "Mama, si nilikwambia kila siku? Ulikuwa unakaa hapa hapa."

Mzee Mwishehe aliingilia. Uchungu ulimtoka kama hasira, ndivyo alivyokuwa.

"Muulize tena, daktari. Huyu mwanamke ana kichwa kigumu! Nyumba ipo, nimeiona kwa macho yangu, vyumba vitatu, choo ndani. Binti muuguzi. Yeye kaona bora akalale shambani na nguruwe. Nilipomuuliza, akaniambia nyumba kubwa inamtia upweke. Upweke! Haya, upweke huo ndio unamkata mguu."

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Bi Mwamini alikuwa amefumba macho, midomo imekauka kwa homa, na hakujibu. Alikuwa amekubali. Swaumu aliliona hilo wazi: mama yake alikuwa tayari kurudi Msimbu na magongo, aitwe mkaidi hadi kaburini, watu waseme Mwamini alikata mguu wake mwenyewe kwa kiburi, ili nyumba ya binti yake isibomoke barazani.

"Baba," Swaumu alisema. "Sina nyumba."

Mzee Mwishehe hakusikia vizuri, au hakutaka kusikia. "Unasema?"

"Sina nyumba. Ile ni ya metroni, alikuwa amesafiri. Mimi nakaa Picha ya Ndege, chumba kimoja, watu watatu, kitanda kimoja tunapokezana. Mama alikaa koridoni siku nne, mguu chini. Mwenye nyumba akasema aondoke. Nilitafuta pengine, nikakosa. Mama hana kichwa kigumu, baba. Alikosa pa kuuweka mguu."

Daktari aliinamisha kichwa, akaenda dirishani kuongea na simu isiyoita. Mzee Mwishehe alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Ndugu hawaruhusiwi kukaa kwenye kitanda cha mgonjwa, na Swaumu alikuwa amewainua wengi. Huyu alimwacha.

"Nimemwambia kila mtu," mzee alisema, taratibu. "Kila mtu nimemwambia."

"Nisamehe, baba."

Mzee alimgeukia mkewe. "Na wewe ulijua?"

"Siku ile ile," Bi Mwamini alisema bila kufumbua macho. "Chai yako hata hujaimaliza."

"Ukanificha. Mimi mumeo."

"Ningekwambia, ungeuza mikorosho umjengee. Nakujua. Wadogo zake wangekula nini?"

Mzee Mwishehe alitaka kubisha, akashindwa, kwa kuwa ndivyo ambavyo angefanya, na kabla ya jua kuchwa. Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili, akaibana hadi ikapoteza umbo. Swaumu hakuwa amewahi kumwona baba yake bila kofia mbele za watu.

Daktari alirudi akaeleza tena, safari hii polepole, kitakachofanyika. Bi Mwamini alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwamba amekubali. Halafu akamwita binti yake kwa kidole.

"Wakishakata, wataniweka siku ngapi?"

"Wiki mbili, mama. Pengine zaidi."

"Humu humu kwako?"

"Humu humu."

"Na kitanda ni changu, usiku na mchana? Haji mwenye zamu?"

"Ni chako, mama. Haji mtu."

"Basi afadhali," Bi Mwamini alisema, na akajisogeza katikati ya kitanda.

Swaumu alivuta pazia, akavaa glavu, akachota maji ya vuguvugu. Kisha akaanza kuuosha ule mguu kwa ajili ya upasuaji, kuanzia gotini kushuka chini.